Mapafu ya Ntate Letlatsa

Hosteli ya mgodi, nje ya Welkom
14 Februari 1999

Ausi Puseletso,

Natumaini mnapumua huko. Mimi napumua, na nimepanda cheo, kwa hiyo kaa chini kwanza. Wenzangu wa zamu wamenichagua kuwa mjumbe wao wa usalama. Mshahara ni uleule. Nimepewa kofia ya kijani na kitabu cha sheria, na kwa kuwa katika chumba chetu cha watu wanane mimi peke yangu ndiye nisiyekunywa, nimekisoma chote mara mbili, kwa kamusi.

Sasa nisikilize. Humo kuna jambo la Ntate. Sheria ya huku inasema mtu yeyote aliyefanya kazi chini ya mgodi ana haki ya kupimwa kifua bure kila miaka miwili mpaka afe, hata kama ameacha kazi, hata kama anaishi kwetu Lesotho ng'ambo ya mto. Wakimkuta na vumbi la mwamba mapafuni, jina lake linaingia kwenye orodha ya walioumizwa na mgodi, na analipwa fidia. Baba yetu ametoboa mwamba miaka ishirini na saba. Ameacha miaka minane iliyopita. Amepimwa mara ngapi tangu hapo? Hajapimwa hata na fundi wa nguo.

Nataka jina lake liingie kwenye orodha hiyo akiwa hai. Mtu hai anakohoa mwenyewe mbele ya daktari. Akifa itabidi sisi tukohoe kwa niaba yake, na sisi hatusikilizwi.

Mpeleke hospitali ya Hlotse apigwe picha ya kifua. Kisha ichukue picha pamoja na kitabu chake cha kazi, uvipeleke ofisi ya kuandikisha wachimbaji hapo kwenu Maputsoe.

Utauliza kwa nini nisije mwenyewe. Nimeuliza kabla yako. Kuna sheria mpya huku, haijafikisha miezi mitatu, inayompa mfanyakazi siku tatu zenye malipo kwa mambo ya familia. Nilikwenda kwa karani nikiwa nimenyoa ndevu kabisa.

"Umepata mtoto?" akaniuliza.

"Sina."

"Mtoto anaumwa?"

"Nimekwambia sina. Ni baba."

"Amefariki?"

"Mgonjwa."

Akafunga daftari. "Basi subiri," akasema.

Kwa hiyo sheria inanipa siku tatu za kumzika, na haina hata asubuhi moja ya kumpeleka kwa daktari. Usidhani nalalamika. Ninyi huko hata hizo tatu hamna.

Mdogo wako,
Mohlalefi


Maputsoe
28 Februari 1999

Mohlalefi,

Habari za kofia zimefika. Jumapili nilipanda kijijini nikamsomea Ntate barua yako. Akasema, "Zamani zetu aliyevaa kofia ya rangi ndiye aliyetangulia kukimbia." Akataka kucheka, kikohozi kikamwahi, na tukakaa hivyo mpaka ugali ukapoa.

Halali tena chini. Anaegemea tandiko la farasi ukutani, anasinzia amekaa. Akilala anasema ni kama mtu amemkalia kifuani na hataki kuondoka. Mwenyewe anasingizia tumbaku. Rangoane Sello, mdogo wake, anamsaidia kuisingizia, maana naye anakohoa hivyo hivyo na hajawahi kuvuta.

Nimeomba siku moja ya kumpeleka Hlotse. Siku moja, bila malipo. Unamkumbuka 'Malineo tuliyesoma naye? Sasa ndiye msimamizi wa mstari wetu kiwandani. Nilimwambia kwa upole, kama dada kwa dada.

"Nani mgonjwa, wewe?"

"Baba yangu."

"Baba yako anashona zipu?"

"Hapana."

"Basi sijakosa mtu."

Hivyo ndivyo tulivyo. Nashona zipu za suruali za jinzi, mia saba kwa siku, zinakwenda Amerika. Mlango unafungwa kwa mnyororo saa moja asubuhi, na ufunguo anakaa nao mke wa tajiri, ili tusitoke na suruali. Mwezi wa kwanza alikuja mama mmoja kutoka kwa wanunuzi wa Amerika, na orodha yake ya maswali. Mnyororo ukafichwa. Tukafundishwa majibu. Akauliza, "Milango huwa wazi?" Tukajibu, "Kama unavyoiona, 'M'e." Akaandika. Gari lake halijafika darajani mnyororo ukarudi. Kwa hiyo sheria ya Amerika nayo tunayo, mdogo wangu. Inakuja mara moja kwa mwaka, inakaa saa mbili.

Unasema sisi hatuna kitu. Tunazo zetu. Mwenzangu wa mashine ya pili alijifungua mwezi uliopita. Sheria ya Lesotho inampa wiki kumi na mbili za kukaa nyumbani. Haimlazimishi tajiri kumlipa hata wiki moja kati ya hizo. Alikaa siku tisa.

Nitatafuta njia. Usiandike kwa hasira.

Puseletso


Hosteli ya mgodi
11 Machi 1999

Ausi,

Siandiki kwa hasira, naandika kwa kitabu. Ndani ya bahasha hii kuna kijitabu cha njano cha haki za kazi. Mfungulie 'Malineo ukurasa wa kumi na nne: mfanyakazi hafukuzwi bila sababu ya haki na bila kusikilizwa. Soma kwa sauti. Usiinamishe macho. Hawa watu wanaogopa maandishi, nimewaona.

Wiki iliyopita chama cha wafanyakazi kilituletea mgeni, mchimbaji kutoka Australia, mwekundu kama nyanya. Akauliza vumbi letu tunalipimaje. Kwao, anasema, kipimo kinabandikwa ukutani kila mtu akione, na vumbi likizidi watu wanakaa nje mpaka lipungue, na wanalipwa kwa kukaa. Tukatazamana. Ramaisa, mwenzangu wa zamu, akamjibu kupitia kwa mkalimani, "Sisi tunatema mate. Yakiwa meupe, siku nzuri. Yakiwa ya kijivu, siku ya kawaida." Mgeni akacheka, halafu akagundua anacheka peke yake.

Kwa hiyo dunia ina ngazi. Juu kabisa amekaa yule mwekundu. Sisi tuko katikati: nina haki iliyoandikwa ya kuondoka mahali penye hatari, ila sheria haisemi niende wapi, maana vumbi liko kote. Ninyi mko chini, mnaishikilia ngazi isianguke. Nataka upande japo kipago kimoja. Mpeleke Ntate. Chukua siku yako.

Mohlalefi


Ha Lesiamo
9 Aprili 1999

Mohlalefi,

Usishangae kuona barua inatoka kijijini. Nipo likizo.

Tulikwenda Hlotse. Mpaka barabarani alipanda farasi, mimi nikaongoza kamba. Njiani alisimama mara kumi na nne. Alisema anaangalia mashamba. Mashamba gani, ya watu wengine, yamekauka yote.

Picha imepigwa. Daktari kijana aliiweka kwenye taa, akaita mwenzake, wakaangalia kama watu wanaosoma ramani. Akasema kifua kikuu, akampa vidonge. Nikamuuliza vumbi je. Akasema huenda lipo, lakini kikuu kimelifunika, na mashine yao ni ya zamani.

Nikaipeleka picha ofisini Maputsoe. Karani ni mtu mwema, alinipa kiti. Akasema kifua kikuu kikimpata mtu zaidi ya mwaka mmoja tangu aache mgodi, kwa sheria ya huko si cha mgodi tena. Ni chake mwenyewe. Kinachotakiwa ni vumbi, na picha hii haionyeshi vumbi kwa uhakika. Ili lionekane, alisema, Ntate aende kwa madaktari wa huko kwenu. Nikamwambia mtu huyu kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Karani akaangalia sakafu, akasema, "Basi kuna ile njia nyingine, 'M'e. Muulize mdogo wako."

Njia gani hiyo?

Puseletso


Hosteli ya mgodi
2 Mei 1999

Ausi,

Njia nyingine naijua tangu Februari. Nilitumaini hatutaifikia.

Mchimbaji akifa, familia ikikubali, daktari anatoa mapafu na moyo, vinawekwa kwenye ndoo ya dawa vinapelekwa Johannesburg. Wanavikata na kuvitazama kwa darubini. Hapo vumbi halina pa kujificha, kikuu au si kikuu. Wakilikuta, jina linaingia kwenye orodha sawa na la mtu hai. Wazungu wa migodini walikuwa wakifanyiwa hivyo tangu zamani, na familia zao zinalipwa. Mpaka miaka sita iliyopita sheria hii ilikuwa na bei mbili, moja ya pafu lao na moja ya letu. Sasa ni bei moja. Haya ndiyo mabadiliko tunayoimba.

Mimi, mtoto wa kiume, ndiye nitakayeombwa sahihi. Lakini siwezi kumfungua baba yangu kama kondoo bila kumuuliza. Na siwezi kumuuliza kwa barua itakayosomwa mbele ya majirani. Muulize wewe. Chagua siku ambayo amelala vizuri.

Najua ninachokuomba.

Mohlalefi


Ha Lesiamo
23 Mei 1999

Mohlalefi,

Anayeandika ni Mwalimu Nthati, anayesema ni mimi baba yako. Ameahidi kuandika kila neno, na matusi yangu pia, ila namwona anaruka mengine. (Siruki, Ntate. N.)

Dada yako amelizunguka neno lako siku tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Amenipikia, amenifulia blanketi, ameniuliza kama nataka tumbaku. Nikamwambia, mwanangu, ama una mimba ama mdogo wako ameandika upuuzi. Una miaka thelathini na minane, kwa hiyo ni mdogo wako. Akalia. Ndipo nikajua ni upuuzi mkubwa.

Basi mnayataka mapafu yangu. Ngojeni kwanza niyamalize.

Nilipokwenda mara ya kwanza, mwaka sitini na nne, walitusimamisha uchi watu sitini. Wakatupima uzito, meno, macho. Wakatutia katika chumba cha joto, tukapanda na kushuka ngazi moja ileile saa nne nzima, waone nani ataanguka. Nilipimwa vizuri sana nilipoingia. Nilipotoka, aliyenipima ni mlinzi wa getini, kuona kama nimeiba. Sasa wanataka kunipima nikishakufa. Hawa watu wanapenda mwili usiojibu.

Nakubali, lakini sikiliza. Mimi sikuwahi kuacha kitu changu kule. Kila mkataba ulipoisha nilirudi na blanketi langu, sanduku langu la bati na vidole vyangu kumi, jambo ambalo Sello mdogo wangu hawezi kusema, yeye alirudi na saba. Sitaki kulala nusu kwetu na nusu Johannesburg. Baba zangu watakaponipokea wataniuliza kifua nimemwachia nani, nami nijibu nini, kwamba nimemwachia karani? Wakishamaliza kuangalia, wanirudishie. Mfungue kaburi, myaweke mahali pake. Ukiniahidi hilo, chukua. Ukishindwa, niache nilivyo, nami nitakuwa mgonjwa wa tumbaku kama wenzangu wote waliokwisha kutangulia.

Jambo la pili nalisema Puseletso akiwa kisimani. Hayuko likizo. Alimsomea yule msimamizi kijitabu chako cha njano, wima, kwa sauti. Wakaitwa tajiri na mke wake. Mke akakigeuza nyuma, akasoma mahali kilipochapwa, akamrudishia. "Hiki ni cha ng'ambo ya mto," akasema. "Kivushe kirudi kwao." Wanawake wa mstari mzima wakacheka, kwa kuogopa, si kwa ubaya. Hata hivyo kesho yake akanipeleka Hlotse. Aliporudi, kiti chake kilikuwa na msichana mwingine, anashona zipu.

Nilimwahidi sitakwambia. Mimi sijasema, ameandika Mwalimu. (Nimeandika. N.)

Baba yako,
Letlatsa


Hosteli ya mgodi
6 Juni 1999

Ntate,

Nimepokea. Nakuahidi. Nimekwenda ofisini mwenyewe nikawauliza, na wamesema yatarudi. Usiwe na wasiwasi juu ya hilo. Meza vidonge.

Mwanao,
Mohlalefi

Ausi, karatasi hii ya pili ni yako. Nimesoma habari za zipu. Katika Lesotho kuna sheria ya kazi, nimeitafuta, nimeiazima kwa mtu wa chama, na humo pia hufukuzwi bila kusikilizwa. Ningekutumia hiyo, ungekuwa na mahali pa kusimama. Nilikutumia ya kwetu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mkononi, na kwa sababu nilikuwa najivunia. Mto ule nimeuvuka tangu nina miaka kumi na tisa. Nilisahau kwamba wewe hujauvuka.


Ha Lesiamo
25 Julai 1999

Mohlalefi,

Ulizitumia siku zako tatu kama sheria inavyotaka: moja njiani, moja hospitali na makaratasi, moja kaburini. Kisha ukaondoka na ile ndoo nyeupe. Nilikutazama mpaka kwenye mteremko. Ulikuwa unatembea kama mtu aliyebeba maziwa.

Hukubaki kuona yaliyofuata, nami sikukulaumu, siku zilikuwa zimekwisha. Unajua kwamba ni Rangoane Sello na wanaume wawili waliomwosha Ntate. Walipofunua shuka wakakuta ule mshono, kutoka kooni mpaka kitovuni. Nami niliuona. Umeshonwa kama gunia la mahindi. Ningepewa mimi ningemshona vizuri zaidi. Mbele ya waombolezaji Rangoane alinyamaza, unakumbuka ulivyodhani ameelewa. Ulipokwisha kuondoka aliita ukoo wote nyumbani.

"Kaka yangu yuko wapi?" akaniuliza.

"Tumemzika, Rangoane."

"Nimezika ngozi. Nakuuliza kaka yangu yuko wapi."

Nikamwita Mwalimu Nthati. Akasema mbele ya wote yale aliyoyaandika: kwamba Ntate alikubali mwenyewe, na kwa sharti gani. Rangoane akamwuliza mara mbili, akaridhika, au akachoka. Akasema, "Vizuri. Kama ni neno lake, tutalitimiza." Tangu siku hiyo kaburi halijajengwa mawe. Wamelifunika kwa bati, chini yake wameacha shimo la matofali upande wa kifuani, wasije wakachimba mara mbili. Theluji imelala juu ya bati. Kila anayepita anauliza, na kila anayeuliza nafikiri tayari ameambiwa.

Rangoane ametenga kondoo. Kila Jumapili anakuja, anakaa mlangoni bila kuingia, anauliza swali moja. Yanarudi lini?

Nijibu nini? Nipe tarehe tu.

Puseletso


Hosteli ya mgodi
19 Septemba 1999

Ausi,

Majibu yametoka. Naandika kama yalivyo kwenye karatasi: vumbi la mwamba katika mapafu yote mawili, daraja la pili, ambalo ndilo la juu. Kikuu kilikuwepo pia, juu ya vumbi, kama mtu aliyejenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenzake. Jina la Ntate limeingia kwenye orodha. Lina namba. Sheria imekiri kwamba haikuwa tumbaku. Fidia wanasema itachukua mwaka, labda miwili. Nimewaandikia jina lako, kwamba ulikuwa unamtegemea. Sasa ni kweli.

Soma sehemu hii ukiwa peke yako.

Mwezi wa sita sikwenda ofisini kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilihisi jibu. Nilitaka akubali, nikamwandikia alichotaka kusikia. Nimeuliza mwezi uliopita, baada ya barua yako. Mama wa maabara aliongea nami kwa simu kwa heshima, nampa haki yake. Alisema wanabakiza vipande vyembamba kama karatasi kwenye vioo, kwa ajili ya ushahidi. Vingine vyote huchomwa. Familia huwa haziulizi, alisema. Nimeirudia ile fomu niliyotia sahihi. Ina kurasa nne. Inauliza namba ya kazi, miaka ya kazi, mashimo aliyofanyia kazi, kabila. Hakuna mstari wa kuandika kwamba anataka kurudi kwao.

Nimekuwa nikikulinganishia sheria zetu na zenu kama mtu anayelinganisha ng'ombe. Ya huku ni bora, bado nasema hivyo. Imefika mpaka ndani ya kifua cha baba yetu, ikatafuta, ikakuta, ikaandika ukweli ambao hakuna daktari aliyeuandika alipokuwa hai. Lakini haijui kwamba mtu huzikwa.

Ramaisa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, wamempunguza kazini. Atakuletea sanduku la mbao lililofungwa misumari, lenye jina la Ntate. Rangoane akiuliza, mwambie yamerudi. Yaliyomo ni mawe. Ni mwamba wa shimo namba tatu, alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Nimeyatoa kidogo kidogo kwenye viatu, zamu tano. Jiwe la huko lina dhahabu, na mtu akikutwa nalo getini anafungwa, kwa hiyo unaweza kusema nilikuwa makini. Daktari aliandika uzito wa mapafu yake, nami nimeyapima mawe kwenye mizani ya jikoni yakafika hapo hapo. Nilifikiri kutuma sanduku tupu. Nikaona tupu ingekuwa uongo mkubwa zaidi.

Choma barua hii.

Mohlalefi


Ha Lesiamo
3 Oktoba 1999

Mohlalefi,

Sanduku lilifika Ijumaa. Ramaisa alilibeba begani kutoka barabarani, akakataa kusaidiwa. Jana Jumamosi tumezika.

Nilitaka liende moja kwa moja kaburini. Nilisema limefungwa kwa dawa, halifai kufunguliwa. Rangoane akasema mkubwa wa ukoo haziki kitu asichokiona, hilo halina mjadala. Akalichukua nyuma ya zizi. Akaniita mimi peke yangu nimshikie nyundo, maana kwa vidole vyake hashiki nyundo na msumari kwa pamoja.

Alifungua. Akatazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, Mohlalefi, nilikuwa na maneno tangu Jumatatu, lakini hakuniuliza kitu. Akatoa jiwe moja. Akalilamba, akaligeuzia juani, akasogeza kidole gumba juu ya kokoto nyeupe zilizoshikana ndani yake.

"Namba tatu," akasema.

Akaligeuza upande wa pili.

"Chini kabisa, ngazi ya hamsini na mbili, au ya hamsini na nne. Hii ilikuwa inatoa vumbi la baridi kooni. Tuliitoboa pamoja, yeye mbele mimi nyuma. Alikuwa ananiambia nikae nyuma yake." Akakaa chini. "Mdogo wako ameyatoaje getini?"

"Kwenye viatu."

"Mjinga. Wangemfunga." Akalirudisha jiwe kwenye nafasi yake, akalipanga lisicheze. "Na mapafu yenyewe yako wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kuhusu vioo, na kuhusu moto. Nilidhani atasimama aende akawaambie wanaume waliokuwa wamekwisha kuondoa bati. Akabaki amekaa, anahema kwa ile sauti yao ya wachimbaji. Halafu tukapigilia misumari, yeye anashika, mimi nagonga.

Kaburini alishuka mwenyewe. Akaliweka kifuani. Alipopandishwa, wakamuuliza kama ni yeye. Akasema, "Ni yake. Alikuwa nayo siku zote." Kondoo akachinjwa. Leo asubuhi vijana wameanza kupanga mawe juu ya kaburi.

Jioni alikuja, na safari hii akaingia. Alikunywa chai. Akaomba nimsomee ile karatasi ya Johannesburg, daraja la pili na yale yote, nikamsomea mara tatu. Akaniuliza ofisi ile inafunguliwa saa ngapi, na kama mtu lazima awe na kitabu cha kazi, maana chake kimeliwa na panya nusu. Kisha akasema:

"Jumatano nipeleke Hlotse. Mimi nataka wayatazame nikiwa bado nayatumia."

Nimemwambia nitampeleka. Siku ninazo zote saba.

Mwandikie yule karani mwema, mwambie tunakuja wawili. Kisha tafuta katika kitabu chako cha sheria kama panya wametajwa.

Dada yako,
Puseletso